Mbeya: msosi wa Kihindi au Kichina wa bethidei ya mama, tupo nane, bajeti laki mbili. Tuelekee wapi?

DadaWaForest

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo hasa mliopo hapa jijini. Jumamosi ijayo mama anatimiza miaka 60 na mwaka huu tumekubaliana na wadogo zangu hatufanyi ile ya kuchinja nyumbani halafu mwenye siku yake ndo anashinda jikoni anageuza masufuria, safari hii atoke akae kitini ahudumiwe. Mama anapenda sana vyakula vya Kihindi, enzi za usichana wake alifanya kazi dukani pale Uhindini na mama mwenye duka alikuwa anawapa chakula cha mchana, mpaka leo akisikia binzari nyembamba inakaangwa mahali anaanza kuhadithia. Mdogo wetu wa mwisho yeye anataka Kichina.

Tupo nane. Mama, bibi (anatoka Tukuyu, meno hana kwahiyo nyama ngumu hapana), mimi na mume wangu, wadogo zangu wawili, shemeji ambaye ni Muislamu, na mwanangu wa miaka sita ambaye hali pilipili na ana aleji ya karanga na korosho. Bajeti laki mbili na keki humo humo. Usafiri upo.

Naomba sehemu yenye staha, watu wazima waongee bila kupigiwa mziki sikioni, na bei iwe ya kibinadamu. Menyu nilizokuta mtandaoni nyingi hazina bei au ni bei za zamani sana.

Isyesye_Kwetu

Hongera kwa mama, miaka 60 sio mchezo. Nakaa hapa nisome maana na mimi mwezi wa nane nina shughuli kama hiyo.

Kabwe_Stendi

Dada laki mbili kwa watu nane inatosha kabisa ila ukitafuta bango lililoandikwa Indian Restaurant au Chinese Restaurant utazunguka Mbeya nzima mpaka uchoke. Hapa kwetu hivyo vyakula vimejificha ndani ya hoteli za kawaida, unakuta menyu ina ndizi nyama, kuku choma, chipsi, halafu ukurasa wa nyuma kabisa ndo kuna masala, biriani, wali wa kukaanga wa Kichina, tambi za mboga. Kwahiyo usiulize mgahawa wa Kihindi uko wapi, uliza jikoni kwao yupo nani anayejua kupika hivyo vitu na siku gani anakuwepo.

Kijiko_cha_Mbao

Hapo juu kasema kweli tupu. Mimi nimekaa majiko ya hoteli miaka mingi, Mbeya na Iringa, ngoja nimwage ninachojua, dada utachukua kinachokufaa.

Kwa kundi la watu nane na hela yako hiyo, Kihindi kitakutoa vizuri kuliko Kichina. Mchuzi wa Kihindi unapikwa uliwe na mkate au wali, bakuli moja la kuku wa masala linashibisha watu wawili mpaka watatu kama naani zipo na wali upo. Kichina cha hoteli za huku sahani nyingi zinatoka kama chakula cha mtu mmoja, na mpishi akiwa mmoja lazima apike sahani moja moja kwenye karai lenye moto mkali, ya kwanza inapoa wakati ya nane haijaanza. Mkitaka Kichina agizeni sahani mbili tu za kuchangia, wali wa kukaanga wa mayai na ile kuku ya sosi tamu chachu, mdogo wako ataridhika na mtoto naye atapata cha kula maana hakuna pilipili humo.

Sasa jinsi ya kujua jiko linajua kazi kabla hujaweka hela. Piga simu uliza swali moja tu: naani mnachoma kwenye tanduri au mnakaanga kwenye kikaango? Wakikujibu tanduri, uliza inawashwa saa ngapi. Tanduri ni chungu kikubwa cha udongo, kinataka mkaa uwake muda mrefu mpaka kuta zishike moto, ndo maana sehemu nyingi wanaiwasha jioni tu. Ukienda mchana ukaagiza naani utaletewa chapati. Wakikwambia kikaango sio dhambi, ila ujue hapo unalipia chapati, bei iwe ya chapati.

Swali la pili, mchuzi. Majiko mengi yana sosi moja ya msingi, kitunguu nyanya tangawizi kitunguu saumu, inachemshwa sufuria kubwa asubuhi halafu kila oda wanachota wanaongeza kitu. Hakuna ubaya, hata majiko makubwa ndo yanavyofanya kazi. Ubaya ni pale masala, kadhai na kari vyote vinakuja na ladha moja rangi moja halafu bei tatu tofauti. Kwahiyo usiagize michuzi mitatu inayofanana. Chukua mmoja mwekundu wa kuku, mmoja wa kima au kababu za mchuzi, mmoja wa dengu. Bibi hapo kwenye kima na dengu kala mpaka kashiba, hahitaji jino hata moja.

Korosho sasa, hapa soma vizuri dada. Korma (ule mchuzi mzito wa Kihindi) karibu zote zinatiwa uzito kwa korosho iliyosagwa, na ile bata chikeni, kuku wa mchuzi wa nyanya na siagi ambayo watoto wanaipenda, nayo mara nyingi ina korosho ndani na huwezi kuiona maana imesagwa laini. Upande wa Kichina kuna kuku wa karanga, na karai hilohilo linapika wali wa mwanao. Mwambie mpishi mwenyewe, usimwambie mhudumu peke yake, na umwambie siku moja kabla halafu umkumbushe mkifika. Neno "kidogo tu" likitoka jikoni, mtoto asile hiyo sahani.

MamaKyela_Halisi

Kijiko nakushukuru kwa hilo la korosho maana watu wengi wanadhani aleji ni kuchagua chakula. Niongeze la shemeji. Hoteli nyingi hapa Mbeya zinauza kitimoto (nyama ya nguruwe), na jiko lenye kitimoto mara nyingi mafuta ya kukaangia ni yaleyale, karai ni lilelile, bodi ya kukatia ni ileile. Ukimwagizia kuku haimsaidii kitu. Mtafutie sehemu inayomilikiwa au kupikiwa na Waislamu, upande wa vyakula vya Kihindi zipo, au mambo yote yakishindikana muulize yeye mwenyewe anaridhika na ipi. Mkwe akikaa mezani anakunywa soda tu wakati wengine wanakula, mama mwenye siku hatafurahi.

DadaWaForest

Jamani mbona mmenifungua macho hivi. Hilo la mafuta sikuwa nimelifikiria, shemeji ni mpole hawezi kusema. Kijiko naomba unisaidie na hesabu, watu nane laki mbili unaipangaje?

Kijiko_cha_Mbao

Bei zinatofautiana sehemu na sehemu, hizi ni za kukadiria upate picha, wewe utabadilisha ukishapiga simu.

Tuseme mchuzi wa kuku 16,000, chukua mawili, 32,000. Kima ya mbuzi moja 18,000. Dengu bakuli moja 9,000. Naani kumi kwa 2,500 inakuja 25,000. Wali sahani nne kwa 4,000, hiyo 16,000. Sambusa na bajia za kuanzia sahani mbili 12,000. Mpaka hapo 112,000. Soda nane kwa 1,500 ni 12,000 na maji makubwa matatu 6,000. Jumla 130,000. Wakisema VAT haimo kwenye menyu weka asilimia 18, yani 23,400, unafika 153,400. Keki ya 40,000 unakuwa 193,400. Umebaki na chenji ya kumpa aliyewahudumia.

Sasa tazama upande wa pili. Kila mtu akiagiza chake, mchuzi wake 16,000 wali wake 4,000 naani yake 2,500, hiyo ni 22,500 mara nane, 180,000 kabla ya kinywaji. Weka vinywaji 198,000. Weka VAT unavuka 233,000, hujala sambusa, hujanunua keki, na nusu ya chakula kimebaki mezani. Watu walewale, hoteli ileile. Ndo maana huwa nasema sherehe ya Kihindi aagize mtu mmoja kwa niaba ya wote, menyu zikigawiwa mezani bajeti imekufa.

Ukitaka na zile sahani mbili za Kichina toa mchuzi mmoja wa kuku na sahani mbili za wali mweupe, hesabu inakaa palepale karibu.

Kabwe_Stendi

Hapo kwenye VAT watu wengi wanaumia. Uliza kabisa bei za menyu zimejumlishwa au bado, na kama wana sevisi chaji. Halafu uliza kama kuingia na keki yenu wanatoza. Kuna sehemu moja hapa mjini, jina nalihifadhi, rafiki yangu alitozwa hela ya kukata keki yake mwenyewe kwa kisu chake mwenyewe, wakabishana mbele ya wakwe. Ulizeni kabla, muombe wawaandikie kwenye meseji.

Ilemi_Juu

Mimi naomba kupinga kidogo. Kwa nini msiagize chakula kikaja nyumbani? Laki mbili nyumbani ni sherehe kubwa, mnanunua michuzi tu, wali mnapika wenyewe na mchele wa Kyela upo ndani, soda kreti moja, mama anakaa sebuleni kwake bila kuangalia saa.

DadaWaForest

Ilemi nakuelewa na kwa hela ni kweli. Ila nikimwacha nyumbani atainuka tu. Atasema ngoja nioshe hivi vikombe viwili, ukigeuka yuko kwenye sinki, ndo mama zetu. Nataka mahali ambapo jiko sio lake na hana ruhusa ya kuingia.

MamaKyela_Halisi

Umenena mwanangu. Na kingine, mchele wetu wa Kyela mtamu na unanukia vizuri lakini unashikana, kwa mchuzi wa nazi ni wenyewe. Biriani ya Kihindi inataka basmati, punje zikae kila moja na nafsi yake. Nimeona hoteli wanapika biriani kwa mchele wetu wanapata bokoboko lenye rangi. Uliza biriani yao ni ya mchele gani na inapikwa siku gani, sehemu nyingi ni Ijumaa au Jumapili tu, siku nyingine ni pilau iliyowekwa mchuzi pembeni.

Kwa wanaotaka kujipikia (sio kwa mwenye uzi, nawaambia wengine) Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Dengu na choroko mtu wa Dar anapika lisaa wewe utapika na jirani atapika na bado ziko ngumu. Loweka usiku kucha na tumia presha kuka, hapo utapata dengu laini kama za kwao. Viungo vyote vipo Soko Matola, nunua nzima ukaange mwenyewe usage mwenyewe, ile ya unga ya pakiti imeshapoteza harufu kitambo.

Mnyalu_Gangilonga

Kamwene! Nachungulia kutoka Iringa. Huku kwetu mambo ni madogo lakini yapo, Hasty Tasty Too pale Uhuru Avenue imejulikana miaka na miaka kwa sambusa na vyakula vyenye mkono wa Kihindi, wasafiri wengi wa barabara ya Dar kwenda Mbeya wanaifahamu. Sio sehemu ya kifahari, ni sehemu ya kula. Nimeitaja kwa sababu kuna watu watasoma huu uzi wako njiani.

Dada, jambo la kuzingatia ni baridi. Mwezi wa saba Mbeya usiku sio utani, sawa na kwetu. Msikae nje bustanini hata kama pamepambwa taa nzuri. Mchuzi wa Kihindi ukipoa samli inaganda juu kama utando, na naani ikikaa dakika kumi kwenye upepo inakuwa ngozi, bibi ataishika tu mkononi. Agiza naani kwa awamu, tano kwanza, tano mkiwa katikati. Omba meza ya ndani iliyo mbali na mlango. Na muende mapema, saa kumi na mbili na nusu mmekaa, bibi hawezi kusubiri kula saa tatu.

Kijiko_cha_Mbao

Mnyalu hapo kwenye naani kwa awamu nakupa heshima zote. Mpishi mwenyewe anapenda hivyo maana tanduri haichomi naani kumi kwa mkupuo, anazibandika ukutani chache chache, zile za kwanza zinawasubiri wenzao kwenye sahani na kukauka.

Dereva_wa_Tunduma

Nyie mnaongelea Kihindi tu, Kichina je? Mimi ningetegemea Mbeya iwe imejaa hoteli za Kichina. Reli ya TAZARA imejengwa na Wachina pamoja na wazee wetu kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, mzee wangu alikuwa kwenye gengi la upande wa Makambako na alikuwa anasema Wachina walikuwa wanalima mboga zao wenyewe kambini na wanapika wenyewe. Reli imebaki, stesheni imebaki, chakula hakikubaki.

Kijiko_cha_Mbao

Mkuu umejijibu mwenyewe hapo, walipika kambini kwa ajili yao, hawakufungua hoteli. Hata leo kampuni nyingi za ujenzi za Kichina zinakuja na mpishi wao, wanakula kambini. Wahindi walikuja kama wafanyabiashara, wakakaa mjini na familia, duka chini nyumba juu, ndo maana kuna mtaa unaitwa Uhindini na sambusa, chapati, bajia, kachori zimekuwa zetu mpaka mtoto wa Mwanjelwa hajui kama zilitoka mbali. Chakula kinabaki pale familia inapobaki.

Kichina cha hotelini huku kimepikwa na vijana wetu waliojifunza Dar au Arusha. Wapo wazuri. Kipimo changu ni wali wa kukaanga, ule unataka wali wa jana uliopoa ukatengana, moto mkali, mafuta kidogo, dakika chache umetoka. Ukiletewa wali wenye unyevu, mweusi kwa soya sosi, umechanganywa na njegere za kopo, basi huyo hajafundishwa, usiendelee kuagiza vingine.

Itiji_Mpya

Vipi kuhusu sushi na vyakula vya Kitailandi? Shemeji yangu kaenda Dar karudi anavisifia kila siku.

Kabwe_Stendi

Sushi Mbeya achana nayo. Samaki mbichi wa baharini asafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka huku halafu umle bila kumpika, hapana. Hiyo ukienda Dar, Masaki na Oysterbay huko zipo ila bei zake sio za uzi huu.

MamaKyela_Halisi

Cha Kitailandi kinawezekana na hata kwa gharama ndogo kuliko mnavyodhani. Nazi zinapanda kutoka pwani, tangawizi ipo, mchaichai tunao uani, ndimu, pilipili, giligilani. Mbasa wa ziwa Nyasa akifika Mbeya akiwa hajalala, ukamtia kwenye tui zito na mchaichai uliopondwa na tangawizi, ukamalizia na ndimu baada ya kuepua, hicho ni chakula cha kumpa mgeni wa heshima. Ndimu usiweke jikoni tui linachemka, litakatika. Ila hotelini sijawahi kukiona, hiki ni cha kupika mwenyewe.

Dereva_wa_Tunduma

Kwa watakaokuwa Dar kwenye bethidei na hela ya kawaida, acheni Masaki, nendeni katikati ya mji, Kisutu mpaka Upanga. Pale kona ya Morogoro Road na Libya Street kuna Mamboz, wanabanika kuku barabarani kuanzia jioni, moshi unauona kabla hujafika, mnakaa meza za plastiki mnakula na naani. Kwa mama mwenye miaka 60 labda sio, kelele za magari. Kwa vijana ni penyewe.

DadaWaForest

Wakuu narudi na mrejesho wa simu. Leo mchana nimepiga sehemu kadhaa, majina siweki hapa maana sijala kwao bado na sitaki kumharibia mtu wala kumpigia debe.

Ya kwanza wamesema tanduri ipo lakini fundi wake kaacha kazi. Nashukuru walikuwa wakweli. Nyingine waliniambia njooni tu kila kitu kipo, nikauliza VAT wakakata simu. Kuna moja kijana aliyepokea akasema subiri, akaenda kumwita mpishi, mpishi mwenyewe akaongea na mimi akaniuliza mtoto ana aleji ya korosho tu au na ufuta? Nikajua hapa pana mtu. Akasema bata chikeni yake anaweka korosho lakini kwa oda ya siku moja kabla atapika ya krimu tupu kwenye sufuria ya pembeni. Hawauzi kitimoto kabisa, nyama wananunua bucha ya Kiislamu. Bei za menyu zina VAT ndani. Keki ruksa bure ila soda tununue kwao, ni haki yao. Tanduri inawashwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Michuzi yake imezidi kidogo hesabu ya Kijiko lakini bila VAT ya juu naona inaingia.

Kichina wanacho kidogo, wali wa kukaanga na tambi za mboga. Nimeagiza sahani moja moja.

Nimetuma asilimia hamsini ya kushikia meza, wamenitumia risiti kwenye simu.

Kijiko_cha_Mbao

Mpishi anayekuuliza ufuta mshike huyo. Hapo umepata dada, acha kutafuta. Oda iandike kwenye meseji moja yote, idadi ya kila kitu, saa ya kufika, aleji iandike juu kabisa.

Ilemi_Juu

Mimi nimekubali yaishe, nendeni. Ila usisahau kumvisha bibi koti.

DadaWaForest

Jamani tumekula. Ni Jumapili asubuhi naandika haraka kabla ya kanisa.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu, meza ya ndani ukutani kama Mnyalu alivyosema. Sambusa zilikuja za moto na chatine ya ukwaju, mama akamega moja akainusa kwanza kabla ya kula. Kima ilikuwa na njegere na viazi vidogo, laini kabisa, bibi alikula ile kima na wali akaomba tena, na dengu akazinywa kwenye kikombe kama uji, mhudumu alimletea kikombe mwenyewe bila kuombwa, huyo dada Mungu ambariki. Naani kwa awamu ni ushauri wa dhahabu, za pili zilipokuja mezani kila mtu alikuwa ameshatulia na zile ndo tulizila kwa raha. Kuku wa krimu wa mtoto alikuja kwenye bakuli la rangi tofauti na mpishi alitoka jikoni akamwekea mbele mwenyewe, akatuambia hili lisichanganyike vijiko na lingine. Shemeji alikula kila kitu.

Wali wa kukaanga ulikuwa mzuri, punje zimetengana, mdogo wangu karidhika. Tambi zilikuwa na mafuta mengi, sitazirudia.

Bili 158,000 na risiti ya EFD. Keki tuliitengenezesha kwa dada mmoja wa Soweto ya hapa hapa Mbeya 35,000. Jumla 193,000, ile 7,000 tukamuachia yule dada wa kikombe. Vilivyobaki, naani mbili na dengu nusu bakuli, wametufungia.

Na mama baada ya keki aliomba aonane na mpishi. Wakaongea karibu robo saa juu ya kukaanga binzari, kwamba inaingia kwenye mafuta kabla ya kitunguu, sio baada, yule mama wa dukani alikuwa anafanya hivyohivyo. Ndaga fijo (asanteni sana) wote mliochangia.

MamaKyela_Halisi

Ndaga mwanangu. Mpe mama pole na hongera.

Itiji_Mpya

Sasa dada jina la sehemu utatupa au? Umeshakula sasa.

DadaWaForest

Nimemuomba mpishi ruhusa kwanza, akikubali nakutumia faragha. Jiko lake ni dogo, ameniambia meza zaidi ya tatu za oda maalum kwa jioni moja hawezi kuzipika vizuri.

Makambako_Njia_Panda

Nimechelewa huu uzi ila nina swali. Nina wageni wa Kihindu wasiokula nyama wala mayai, wapo watano, wanapita Mbeya mwisho wa mwezi na mmoja ana bethidei. Nifanyeje na hela isizidi laki?

Kijiko_cha_Mbao

Hao ndo rahisi kuliko wote. Dengu, viazi na njegere, bilinganya ya kuchoma iliyopondwa, mchicha na jibini ya paneer kama ipo, wali wa binzari, naani. Naani nyingine zinakandwa na yai au maziwa ya mgando, waambie yai lisiwekwe. Waulize wageni kama wanakula kitunguu na kitunguu saumu, wengine hawali, na hilo mpishi lazima alijue mapema maana sosi yake ya msingi imejaa vyote viwili, itabidi aanze upya sufuria nyingine. Keki iwe isiyo na mayai, waoka keki wa mjini wanaitengeneza kwa maziwa ya mgando, toa oda siku mbili kabla. Laki kwa watano bila nyama inatosha vizuri. Njoo faragha nikuunganishe na jiko.